Nani Alimweka Mtumwa Juu ya Nyumba?

Ijumaa ya tarehe 2 Oktoba 1914, saa ya kifungua kinywa, Charles Taze Russell aliingia katika ukumbi wa kulia wa Betheli, makao makuu ya wafuasi wake mjini Brooklyn, New York. Alikuwa na miaka 62, ndevu zake zimekuwa nyeupe. Kabla ya kuketi alipiga makofi, akawatangazia waliokuwa mezani kwamba nyakati za mataifa zimekwisha na wafalme wa dunia wamemaliza siku zao. Watu wakashangilia. Vita vikuu vilikuwa vimelipuka Ulaya miezi miwili tu nyuma, na kwao hesabu waliyoishikilia kwa karibu miaka 40 ilikuwa imetimia.

Mwezi huohuo, kwenye ufuko wa magharibi wa Ziwa Nyasa, walikuwapo watu wengine walioingoja Oktoba hiyo. Hawakuwahi kumwona Russell. Habari waliipata kwa Elliot Kamwana, Mtonga wa Nyasaland, aliyefundishwa na mmishonari Joseph Booth, naye Booth aliichukua kwa Russell mwenyewe. Kamwana alirudi kwao mwaka 1908, akabatiza maelfu ya watu kwa muda mfupi, akawaambia kwamba Oktoba 1914 utawala wa Wazungu utakoma na kodi zitakoma nao. Waingereza walimfukuza mwaka 1909, na hakuruhusiwa kukaa tena kwao kwa amani hadi mwaka 1937. Oktoba iliyongojewa ikapita. Kodi ya kibanda iliendelea kudaiwa, na vijana wa Nyasaland wakakusanywa kubeba mizigo ya jeshi katika vita vya Afrika Mashariki. Wengi hawakurudi.

Meza ile ya Brooklyn na ufuko ule wa ziwa vimefungwa na tarehe moja. Juu ya tarehe hiyo limejengwa dai linaloongoza maisha ya mamilioni ya watu hadi leo, wakiwamo majirani zetu. Dai lenyewe ni hili: kwamba Kristo alikagua makanisa yote ya dunia, akayakataa, na mwaka 1919 akaliteua kundi moja dogo liwe mtumwa wake mwaminifu na mwenye busara, mlishaji pekee wa watu wa Mungu duniani. Mashahidi wa Yehova wanalifundisha hivyo waziwazi, na yeyote anayetaka kubatizwa anatakiwa kulikubali.

Nawajua Mashahidi. Nimewafungulia geti Jumamosi nyingi, akina mama wenye mikoba ya vitabu na vijana waliovaa tai juani, na sijawahi kukutana na aliyenivunjia heshima. Katika Ujerumani ya Hitler walivalishwa pembetatu ya zambarau kambini na wakafa badala ya kumwinamia mtu. Uaminifu wao siutilii shaka hata kidogo, na kwa sababu ni wa kweli kiasi hicho, kuna haja ya kuuliza wanaupeleka kwa nani.

Msingi wa dai uko katika Mathayo sura ya 24, mstari wa 45. Hapo Yesu anauliza ni nani huyo mtumwa ambaye bwana wake amemweka awape watu wa nyumbani chakula kwa wakati wake. Msomaji auangalie vizuri mstari huo katika Biblia yake. Ni swali, tena limo ndani ya mfano, katikati ya maneno ya kuwaonya wanafunzi wakeshe. Hakuna jina wala mji ndani yake, na mwaka hautajwi.

Russell alianza kama muuza nguo. Alizaliwa mwaka 1852 katika eneo la Pittsburgh, Pennsylvania, akafanya biashara ya nguo za kiume pamoja na baba yake, na akiwa kijana akaanzisha darasa la kujisomea Biblia na wenzake. Julai 1879 alitoa toleo la kwanza la gazeti ambalo Waswahili wanalijua kwa jina la Mnara wa Mlinzi, nakala 6,000. Mwaka 1881 gazeti hilo liliandika kwamba mtumwa wa Mathayo 24 ni kanisa zima la Kristo, kila muumini anayemlisha mwenzake. Jibu hilo lilikuwa la unyenyekevu, na kama wangelishikilia, makala hii isingekuwa na sababu ya kuandikwa.

Katikati ya miaka ya 1890 jibu likabadilika. Mkewe Russell, Maria, ndiye aliyetoa kwanza wazo kwamba mtumwa huyo ni mtu mmoja, naye ni mumewe. Ndoa yao ilivunjika muda si mrefu baadaye, lakini wazo lilibaki na kuota mizizi. Russell alipofariki ndani ya treni huko Texas tarehe 31 Oktoba 1916, wafuasi wake wengi walimzika wakiamini wamemzika mtumwa yule wa Mathayo.

Kiti kikachukuliwa na mwanasheria, Joseph Franklin Rutherford, aliyechaguliwa kuwa rais wa shirika lao Januari 1917. Mwaka huohuo aliwaondoa wakurugenzi wanne waliompinga, na kundi likapasuka. Mwaka 1918 yeye na wenzake saba walihukumiwa vifungo virefu kwa maandishi ambayo serikali ya Marekani iliona yanawavunja moyo askari wa vita. Machi 1919 wakaachiwa. Kutoka gerezani huko ndiko kulikokuja kufanywa alama ya uteuzi: ukaguzi wa Kristo umekwisha, mtumwa amepatikana.

Hapo inafaa kusimama kidogo, maana nyumba yote imejengwa kwenye mwaka huo mmoja. Mkaguzi akiingia jikoni mwaka 1919, anakuta chakula gani? Anakuta fundisho kwamba Kristo alirudi bila kuonekana mwaka 1874, ambalo Mashahidi wa leo wanalikana. Krismasi inasherehekewa, na itaendelea kusherehekewa Betheli hadi mwaka 1926. Msalaba bado unatumika kama alama. Mabuku ya Russell yanafundisha kwamba Piramidi Kuu ya Giza ni ushahidi wa Mungu uliojengwa kwa mawe, vijia vyake vikipimwa inchi kwa inchi kupata miaka ya unabii, fundisho ambalo Rutherford atalitupa mwaka 1928 na kuliita kazi ya Shetani. Shahidi wa leo anayefundisha mambo hayo katika Jumba la Ufalme atatengwa na ushirika. Kwa kipimo cha Mashahidi wenyewe, jiko lililopasishwa mwaka 1919 lilikuwa limejaa chakula kibovu.

Mwaka mmoja tu baada ya uteuzi, mlo mkubwa wa kwanza ukaandaliwa. Mwaka 1920 Rutherford alitoa kijitabu kilichotangaza kwamba mamilioni ya watu walio hai hawatakufa kamwe. Ndani yake alieleza kwamba mwaka 1925 Abrahamu, Isaka, Yakobo na manabii wa kale watafufuka na kurudi duniani kuongoza. Kijitabu kilitafsiriwa katika lugha nyingi na hotuba zikatangazwa kwa mabango mijini. Mwaka 1925 waliohudhuria Ukumbusho wa kifo cha Kristo walikuwa 90,434. Mwaka ukaisha bila Abrahamu. Mwaka 1928 walihesabiwa 17,380. Takwimu hizi ni za shirika lenyewe. Nyuma ya tofauti hiyo ya watu 73,000 kuna nyumba nyingi ambamo baba na mama waliketi Januari 1926 wakitazamana, wasijue la kuwaambia watoto.

Mwaka 1929 ilijengwa nyumba ya kifahari San Diego, California, ikaitwa Beth Sarim, yaani Nyumba ya Wakuu. Hati yake iliandikwa kwamba inawekwa amana kwa ajili ya Daudi, Gideoni, Samweli na wenzao, watakapofufuka. Aliyeishi humo ni Rutherford, hadi alipofia humohumo Januari 1942. Mwaka 1948 shirika likaiuza.

Na mtumwa je? Februari 1927 Mnara wa Mlinzi ulitangaza kwamba mtumwa hakuwa Russell, wala si mtu mmoja. Ni jamii ya watiwa-mafuta wote walio duniani, mabaki ya wale 144,000 watakaotawala mbinguni. Waliozoea kumheshimu Russell kama mtumwa, kama walivyofundishwa na shirika hilohilo, sasa walihesabiwa kuwa wafuasi wa mwanadamu, na wengi wakajiondoa. Mwaka 1931 waliobaki wakachukua jina jipya la Mashahidi wa Yehova, kujitofautisha na walioondoka.

Ujumbe wa Mnara wa Mlinzi ulifika Afrika ukiwa umetangulia mamlaka yake. Brooklyn walitaka watiifu, lakini vitabu vyao vilipoingia migodini Katanga na Rhodesia ya Kaskazini, wasomaji walivisoma kwa macho ya watu waliotawaliwa. Huko ndiko ilikozaliwa harakati iliyoitwa Kitawala. Jina hilo watu hulihusisha na mnara ule wa gazeti, kwa Kiingereza Tower, neno lililopitia vinywa vya wachimba shaba likakutana na kitenzi chetu cha kutawala. Wabelgiji walilielewa vizuri mno, wakawafunga na kuwahamisha wafuasi wake kwa miaka mingi. Mwaka 1944, Bushiri aliongoza uasi wa Kitawala kule Masisi na Lubutu, mashariki mwa Kongo, ukazimwa kwa damu. Kabla yake, mwaka 1925, Tomo Nyirenda aliyejiita Mwana Lesa, yaani Mwana wa Mungu, alibatiza watu kwa kuwazamisha majini na kuwaua walioshukiwa uchawi, hadi Waingereza wakamnyonga. Brooklyn iliwakana wote hawa, na ni kweli hawakutumwa nayo. Ila kila mmoja wao alikuwa amejifunza jambo moja kutoka katika vitabu vilevile, kwamba mtu anaweza kujitangaza ameteuliwa na mbingu, na uthibitisho wa uteuzi wake ni neno lake mwenyewe.

Mwaka 1954, katika mahakama moja ya Edinburgh, Uskochi, dai hilo liliulizwa maswali chini ya kiapo. Kijana Shahidi, Douglas Walsh, alitaka asamehewe utumishi wa jeshi kwa kuwa ni mhudumu wa dini. Wakubwa wa shirika walisafiri kutoka Marekani kutoa ushahidi. Wakili wa serikali aligusa unabii ulioshindwa. Hayden Covington, mwanasheria wa shirika, alikubali kwamba mambo ya uongo yalikuwa yamefundishwa, na kwamba Shahidi alitakiwa kuyaamini wakati huo kwa ajili ya umoja. Umoja kwanza, hata juu ya kosa. Na asiyekubali angetengwa. Walsh alishindwa kesi.

Kisha ukaja mwaka 1975. Kitabu cha shirika cha 1966 kilichapisha jedwali la miaka likionyesha kwamba miaka 6,000 tangu kuumbwa mwanadamu ingetimia mwaka 1975, na magazeti na mikusanyiko ikalichochea tumaini hilo. Kuna waliouza nyumba na walioacha masomo. Mwaka ulipopita, lawama ziliangukia kwanza waumini waliotarajia kupita kiasi. Ilikuwa Machi 1980 ndipo Mnara wa Mlinzi ulipokubali kwamba maandishi yake yenyewe yalichangia.

Yanayofuata tunayajua kwa undani kwa sababu ya mtu mmoja aliyekuwamo chumbani. Raymond Franz alikuwa mtoto wa Kishahidi, mmishonari Puerto Rico na Jamhuri ya Dominika, na mpwa wa Fred Franz, mwanatheolojia mkuu wa shirika aliyekuja kuwa rais mwaka 1977. Oktoba 1971 aliingizwa katika Baraza Linaloongoza, kundi la wanaume waliokuwa wakiketi kila Jumatano Brooklyn kuamua mafundisho na nidhamu ya Mashahidi wote duniani. Aliketi humo miaka tisa, akajiuzulu mwaka 1980, na mwaka 1983 akaandika aliyoyaona. Hakuandika kwa chuki, na ndiyo maana kitabu chake ni kizito kukipinga.

Alieleza kwamba mambo yaliamuliwa kwa kunyoosha mikono, na badiliko lolote lilihitaji theluthi mbili. Miaka ya 1970 baraza lilijadili kama Shahidi anayekataa jeshi anaweza kukubali kazi badala, kama ya hospitali, akiamriwa na serikali. Waliotaka kuruhusu walikuwa wengi kuliko waliokataa, lakini theluthi mbili haikufikiwa. Kwa hiyo sheria ya zamani ikaendelea kuitwa mapenzi ya Mungu, na vijana katika nchi kadhaa wakaendelea kwenda jela. Ruhusa ilikuja mwaka 1996. Vijana hao walifungwa kwa sababu ya upungufu wa kura chache katika chumba ambacho hawakuwahi kukiona.

Lililomchoma Franz zaidi liligusa bara letu. Nchini Malawi, chama cha Rais Kamuzu Banda kilimtaka kila raia awe na kadi yake. Mashahidi walifundishwa kwamba kununua kadi hiyo ni kuvunja kutoegemea upande kwa Mkristo, nao wakakataa. Walipigwa marufuku mwaka 1967. Mwaka 1972 vijana wa chama waliwafuata vijijini. Waliwapiga wanaume, waliwanajisi wanawake, walichoma nyumba na kuharibu mazao. Maelfu walikimbilia Zambia, wakarundikana katika kambi ya Sinda Misale, na watoto wakafa humo kwa maradhi. Desemba walirudishwa Malawi kwa nguvu, na mateso yakaanza upya. Wengine walikimbilia Msumbiji. Marufuku iliondolewa mwaka 1993.

Wakati huohuo Meksiko kijana wa kiume alitakiwa kuwa na kadi ya jeshi inayoonyesha ametimiza mafunzo na yumo katika jeshi la akiba. Mashahidi wengi wa huko, ambao hawakufanya mafunzo, walikuwa wakiinunua kwa rushwa. Ofisi ya Meksiko iliuliza Brooklyn, na jibu likawa kwamba waachiwe dhamiri zao. Franz alizishika barua zenyewe mkononi. Kadi ya chama huko Malawi ilikuwa dhambi ya kufia, na kadi ya jeshi Meksiko, iliyopatikana kwa mlungula, ikawa jambo la mtu na dhamiri yake. Baraza ni moja na miaka ni ileile. Mwanamke wa Mlanje au Kasungu aliyebakwa mbele ya watoto wake hakujua kuna barua ya Meksiko. Nimeisoma sehemu hiyo mara kadhaa kwa miaka, na kila mara nimelazimika kuweka kitabu chini.

Mwaka 1981 Franz alikuwa ameondoka Betheli, akiishi Alabama kwenye shamba la mtu aliyempa kazi. Mwajiri huyo alikuwa amejiuzulu kutoka katika dini hiyo. Franz alionekana akila naye mlo hotelini. Kwa kosa hilo la mlo mmoja, wazee walimtenga na ushirika mwaka huohuo, baada ya miaka 43 ya utumishi. Alifariki mwaka 2010.

Swali la tarehe lilikuja kutoka upande mwingine kabisa, na lilianzia mlangoni. Mwaka 1968 Carl Olof Jonsson, Shahidi wa Uswidi, alikuwa akimfundisha mtu Biblia. Mwanafunzi wake akamuuliza mwaka 607 KK, ambao shirika huuhesabu kuwa wa kuteketezwa Yerusalemu, umetoka wapi, maana wanahistoria wanasema Yerusalemu iliteketezwa karibu miaka 20 baadaye. Jonsson alidhani atampatia jibu baada ya wiki mbili tatu. Akaendelea kutafuta kwa miaka.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Katika Danieli sura ya 4 kuna nyakati saba, ambazo shirika linazigeuza kuwa miaka 2,520. Ukianza 607 KK, ukakumbuka kwamba hakuna mwaka sifuri kati ya KK na BK, unafika 1914. Russell alianzia 606 akasahau kwamba sifuri hiyo haipo, na baada ya kifo chake mwanzo ukasogezwa nyuma mwaka mmoja ili mwisho usiguswe. Kwa hiyo kila kitu kinaning'inia kwenye 607: pasipo 607 hakuna 1914, pasipo 1914 hakuna ukaguzi, na pasipo ukaguzi hakuna mtumwa aliyeteuliwa mwaka 1919.

Jonsson alikuta kwamba Wababeli walikuwa waandishi hodari wa risiti. Vibao vya udongo kwa maelfu, vya mikopo, mauzo na kodi, vina tarehe za utawala wa kila mfalme wao, mwaka kwa mwaka. Na kimoja kilichoko Berlin kinazidi vyote. Nambari yake ni VAT 4956. Ni kipande cha udongo kilichojaa alama ndogo za kabari pande zote mbili, kilichochapishwa kwa mara ya kwanza na wataalamu mwaka 1915. Kimeandikwa mahali ulipokuwa mwezi na zilipokuwa sayari, uchunguzi wa takriban mara 30, katika mwaka wa 37 wa Nebukadreza. Mpangilio huo wa anga haujirudii kwa maelfu ya miaka. Ulitokea mwaka 568/567 KK. Biblia inasema Yerusalemu iliteketezwa mwaka wa 18 au wa 19 wa mfalme huyo. Rudi nyuma miaka 18 au 19 kutoka hapo, unafika 587 au 586 KK. Hufiki 607.

Agosti 1977 Jonsson alituma utafiti wake Brooklyn kwa nia njema, akiamini kwamba watu wa kweli watataka kweli. Walimjibu asiyaeneze. Mwaka 1982 wakamtenga. Shirika lilijaribu kujibu kuhusu kibao hicho mwaka 2011, likidai kwamba nafasi za mwezi zinaafiki zaidi 588 KK, lakini wataalamu wa elimu ya anga ya Babeli wamebaki na 568/567. Fundisho limebaki na 607.

Kizazi kilichoona 1914, ambacho kilitakiwa kisipite kabla ya mwisho, kilizidi kuzeeka. Mwaka 1995 fasili yake ilibadilishwa, na mwaka 2010 kikafanywa vizazi viwili vinavyopishana. Kisha Oktoba 2012, katika mkutano wao wa mwaka, ikatangazwa kwamba mtumwa mwaminifu na mwenye busara si watiwa-mafuta wote. Ni Baraza Linaloongoza peke yake, wanaume wachache walioko makao makuu. Kwa miaka 85 watiwa-mafuta wa vijijini kwetu, wazee na bibi waliokula mkate na divai ya Ukumbusho, walikuwa wameambiwa kwamba wao ni sehemu ya mtumwa. Kwa tangazo moja wakaambiwa hawakuwa kamwe. Ndilo jibu la nne kwa swali lilelile: kanisa zima, mtu mmoja, jamii, baraza.

Tarehe 14 Agosti 2015 mjumbe wa baraza hilo, Geoffrey Jackson, alihojiwa na Tume ya Kifalme ya Australia iliyochunguza jinsi taasisi zilivyoshughulikia udhalilishaji wa watoto kingono. Katika faili za shirika nchini humo tume ilikuta washukiwa 1,006 tangu mwaka 1950, na hakuna hata mmoja ambaye shirika lilikuwa limemripoti polisi. Wakili akamuuliza kama wao wanajiona ndio wasemaji wa Mungu duniani. Jackson alijibu kwamba ingekuwa kujikweza kusema kwamba wao ndio wasemaji pekee anaowatumia Mungu. Mbele ya tume, chini ya kiapo, dai lilipungua hivyo. Jumba la Ufalme Jumapili iliyofuata halikupungua chochote.

Mnara wa Mlinzi wa Februari 2017 uliandika kwamba Baraza Linaloongoza halijapuliziwa na Mungu na linaweza kukosea katika mafundisho. Hilo ni kweli, na nawashukuru kwa kulisema. Lakini anayekiri anaweza kukosea hana haki ya kumtenga mtu na kumnyang'anya mama yake kwa kuwa amelitaja kosa. Mwaka 2024 walilegeza kidogo: waliotengwa sasa huitwa walioondolewa kutanikoni, na wanaweza kusalimiwa na kukaribishwa mkutanoni. Kukaa nao mezani bado ni marufuku.

Hukumu yangu ni kwamba uteuzi wa 1919 haukutokea. Hakuna aliyeushuhudia, waliohusika hawakujua wakati huo kwamba wameteuliwa, tarehe inayoubeba inakanushwa na udongo wa Babeli wenyewe, na aliyeteuliwa amebadilishwa mara tatu. Kuliamini shirika hili ni hiari ya mtu. Kuliita sauti ya Mungu kunahitaji zaidi ya neno lake lenyewe.

Basi Jumamosi ijayo wakibisha hodi, wakaribishe, wape maji, maana wametembea mbali. Waulize kwa upole kuhusu 607, na uwasikilize hadi mwisho. Na wewe msomaji ambaye ni Shahidi, kama una mwana au binti aliyetengwa kwa kuuliza maswali kama haya, usingoje kura ya baraza. Mpigie simu leo, mwambie chakula kipo, aje ale.